Tukio Moja kwa Tanzu Nyingi: Niliyojifunza Nikifundisha Utungaji Newala

Mwanafunzi anayeambiwa "tunga hadithi yoyote unayoipenda" hukaa akiutazama ubao hadi kengele inapolia, ilhali mwanafunzi yuleyule, akipewa tukio moja analolifahamu na kutakiwa aliandike leo kama taarifa ya habari, kesho kama barua, na wiki ijayo kama igizo, hujaza kurasa za daftari bila kusukumwa. Hilo ndilo jambo kubwa nililojifunza katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Newala, mkoani Mtwara. Ninalieleza kwa kirefu kwa sababu naamini walimu wengi wanaojitahidi kuwafundisha vijana uandishi wa kubuni hukwama hapo hapo, penye uhuru mkubwa mno wa kuchagua.

Vijana wanaofika mikononi mwetu si wageni wa fasihi. Wanaweza kukueleza ukwapi na utao, yaani kipande cha kwanza na cha pili cha mshororo, wakakuonyesha kina cha kati na kina cha mwisho, wakataja tofauti ya tarbia, yenye mishororo minne katika ubeti, na takhmisa, yenye mitano, na wakachambua dhamira na wahusika wa tamthiliya teule kwa mpangilio unaomridhisha msahihishaji. Lakini wengi wao hawajawahi kutunga hata ubeti mmoja, wala kuandika mazungumzo ya watu wawili yanayoweza kusemwa jukwaani. Wameufahamu utungo ukiwa umekwisha kukamilika kitabuni. Hawajauona ukiwa bado ni maneno yanayogombania nafasi. Nimefikia kuamini kwamba hata uhakiki wao hubaki wa kukariri mpaka siku watakapojaribu wenyewe kupanga mizani minane, yaani silabi nane, na kuona neno walilolitaka linakataa kuingia.

Tukio ninalolitumia mara nyingi ni ugomvi wa foleni ya maji. Newala imekaa juu ya Uwanda wa Makonde, mahali ambapo mvua hunyesha vizuri lakini maji hayakai, kwa kuwa udongo huyanywa na kuyashusha chini sana, yakaja kutokeza mabondeni, chini ya kingo za uwanda. Ukisimama pale tunapopaita Shimo la Mungu ukatazama bonde linaloelekea Mto Ruvuma, unaelewa kwa nini bibi zetu walikuwa wakishuka na kupanda na vyombo vichwani, na kwa nini mpaka leo hakuna mtoto wa hapa asiyejua maana ya kuamka kabla ya adhana kwenda kupanga ndoo. Ninawapa wanafunzi mambo machache tu: alfajiri, ndoo zimepangwa bombani, binti mmoja anakuta ndoo yake imesogezwa nyuma, anayeshukiwa ni mama mtu mzima, maji yanatoka kwa muda mfupi, kisha yanakatika. Siongezi kitu. Kila mmoja ana bomba lake kichwani, na ndiyo sababu sijawahi kuhitaji kuwaeleza mandhari.

Zoezi la kwanza ni taarifa ya habari, na nina sababu ya kuliweka mbele. Rasimu za mwanzo huja zikiwa zimejaa hukumu: mama mwenye roho mbaya, binti mpole asiye na hatia, watu wote waliochukizwa. Ninawaomba wafute kila neno ambalo jicho halikuliona na sikio halikulisikia. Karatasi hubaki na mistari michache sana, na katika ufutaji huo darasa hugundua jambo ambalo halikuwa limelitambua, kwamba hakuna aliyemwona mama akiisogeza ile ndoo. Tangu hapo tukio hupata uzito mwingine. Kutojua huko ndiko kunakoendesha kazi zote zinazofuata, kwa kuwa kila utanzu una namna yake ya kukaa na jambo lisilojulikana: taarifa hulinyamazia, barua hulilalamikia, igizo hulifanya kuwa mgogoro, na hadithi fupi inaweza kulibeba hadi mwisho bila kulitegua.

Barua huwa mbili. Ya kwanza binti anamwandikia kaka yake aliyeko Dar es Salaam, na ya pili anamwandikia mwenyekiti wa mtaa. Hasira ni ileile, lakini katika barua rasmi haina budi kugeuka kuwa ombi: kuwe na daftari la zamu, kuwe na mtu wa kusimamia bomba. Wanafunzi hushangaa kuona hasira iliyogeuzwa kuwa ombi inavyokuwa na nguvu zaidi. Katika barua ya kirafiki nakumbuka kijana mmoja wa kidato cha pili aliyeandika ukurasa mzima kuhusu kupulizia mikorosho salfa, afya ya bibi na deni la dukani, na katikati akaweka sentensi moja tu: "Jana ndoo yetu ilisogezwa, lakini usimwambie mama kwamba nimekuandikia." Wenzake walidhani ameliacha swali. Nikaisoma kwa sauti mara ya pili, polepole, na darasa likanyamaza lilipofika kwenye ile sentensi. Alikuwa ameelewa kwamba barua ya kirafiki huficha jambo lake kuu katikati ya salamu na habari za nyumbani, kama watu wanavyofanya kweli, na tangu siku hiyo ninaitumia kazi yake, kwa ruhusa yake, kila ninapofundisha barua.

Igizo ndilo linalonipa furaha kubwa, na ndilo linalochukua muda mrefu. Wanafunzi huanza kwa kuandika hotuba mbili zinazokabiliana: mama anasema kurasa mbili, binti anajibu kurasa mbili, kila mmoja akieleza waziwazi anachohisi. Kanuni ninayowapa ni kwamba mhusika asitaje kile hasa kinachomuuma. Aseme la ndoo, la foleni, la saa, lakini asiseme "unanidharau" wala "unanionea". Kanuni hiyo huwalazimisha wasikilize jinsi watu wa hapa wanavyogombana, na watu wa hapa, kama watu wengi wa pwani na wa bara yake, hugombana kwa adabu. Kundi moja la wasichana lilileta mazungumzo haya, nami nimeyahifadhi:

MAMA: Hii ndoo ya nani, jamani?

BINTI: Ya kwetu, mama. Niliiweka tangu alfajiri.

MAMA: Alfajiri mimi nilikuwa hapa. Sikukuona wewe, wala ndoo yako.

BINTI: Shikamoo, mama.

MAMA: (Anakawia.) Marahaba.

BINTI: Basi naomba niisogeze pale ilipokuwa.

Darasa lilipoigiza kipande hicho, walicheka kwa mshangao wa kukitambua. Shikamoo iliyotolewa kwa kuchelewa, katikati ya mabishano, si salamu ya kawaida. Binti ananyenyekea na kwa unyenyekevu huo huo anamfunga mama mikono, kwa sababu mtu mzima hawezi kuacha kuitikia mbele za watu, na akishaitikia marahaba amekwisha kumtambua huyu kuwa mwanawe, na mwanao humnyang'anyi nafasi hadharani. Ule ukimya mfupi kabla ya kuitikia ndio uliobeba ugomvi wote. Hakuna kitabu cha nadharia ya tamthiliya ambacho kingewaeleza wasichana wale jambo hilo kwa uwazi zaidi kuliko walivyolipata wenyewe, na ninasisitiza kwamba walilipata kwa sababu walikatazwa kusema waziwazi. Sharti liliwasukuma kwenda kutafuta katika maisha yao kitendo kinachosema badala ya maneno.

Ni vizuri pia kuwaruhusu waandike lugha inayosemwa. Vijana wengi hapa huzungumza Kimakonde nyumbani, na Kiswahili chao cha darasani huwa kimevaa sare. Wakiandika mazungumzo, bibi wa kijijini huongea kama mtangazaji wa redio. Ninawatuma wakakae sokoni au kibarazani wasikilize tu, wakirudi waandike kutoka kumbukumbuni, bila kurekodi wala kutaja majina ya watu. Kiswahili sanifu wanakijua na watakitumia katika maelezo ya jukwaa. Midomo ya wahusika iachiwe wenyewe.

Tunapofika kwenye ushairi, mambo hugeuka. Wanafunzi hudhani wataupanga ugomvi uleule katika beti, mama anasema ubeti, binti anajibu ubeti, na majibizano ya namna hiyo yana historia ndefu na heshima yake. Lakini ninapotaka tarbia fupi yenye mizani kumi na sita katika kila mshororo, nane kwa nane, ugomvi wenyewe aghalabu hutoka mlangoni na foleni ndiyo inayobaki. Huu ni ubeti niliowaandikia ubaoni ili tuukague pamoja:

Foleni imejipanga, ndoo zimekaa chini,
Giza lingali latanga, hatujui maji lini,
Mama mwana amfunga, kwa kanga yu mgongoni,
Bomba likitoa maji, tutarudi majumbani.

Nawataka wauhesabu kwa vidole, silabi moja moja, kisha waniambie kilichokosekana. Hujibu mara moja: mama mbaya hayumo, binti aliyeonewa hayumo. Mama aliyemo amembeba mtoto na anangoja kama wengine. Hapo ndipo mjadala huwa mtamu, maana mwanafunzi mmoja huuliza kama huyu ndiye yule mama wa kwenye igizo, na mwingine hujibu kwamba ikiwa ndiye, basi huenda ndoo aliisogeza kwa sababu ya mtoto. Ubeti ambao haukutaja ugomvi umewafanya waufikirie upya. Halafu tunarudi kwenye ufundi: kwa nini "mwana" badala ya "mtoto"? Kwa sababu "Mama mtoto amfunga" lina mizani tisa. Kwa nini "lingali latanga" badala ya "bado linatanga"? Hesabu ya silabi inakubali yote mawili, kwa hiyo hapo ni suala la sikio, na kila mwanafunzi ana haki ya kutetea chaguo lake. Nawaambia pia wajaribu kuliandika jambo lile lile kwa shairi huru, bila vina wala urari wa mizani. Mabishano ya wanamapokeo, waliotetea vina na mizani, na wanamabadiliko, waliotetea shairi huru, yaliyotikisa ushairi wa Kiswahili katika miaka ya 1970 huwa na maana zaidi kwa kijana aliyekwisha kuzijaribu njia zote mbili kwa mkono wake. Msimamo wangu ni kwamba arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, ianze. Aliyekwisha kupambana na kina huandika shairi huru lenye mishipa.

Vitendawili na ngano tunavipitia kwa haraka zaidi, kwa kuwa huwa vimo vinywani mwao tayari. Kitendawili ni zoezi la dakika chache linalofaa mwanzoni mwa kipindi: kila mmoja achague kitu cha hapa na akifiche. Tulichokipenda ni hiki: "Mama mnono yuko juu, mtoto mgumu ananing'inia chini, na wanunuzi wote wanamtaka mtoto." Mtu wa mkoa mwingine huenda angeshindwa na kulazimika kutoa mji, kama ilivyo desturi ya vitendawili, lakini hapa kila mmoja alijibu kwa pamoja, bibo na korosho. Katika ngano ninawaonya wasikimbilie funzo. Fisi na Sungura bombani wanapendeza wanapogombea maji, na wanachusha pale mwandishi anapowasimamisha ili watuhubirie.

Hadithi fupi ninaiweka mwisho, kinyume na desturi ya kuanza nayo. Kufikia hapo mwanafunzi ana ushahidi kutoka kwenye taarifa, ana siri kutoka kwenye barua, ana kitendo chenye maana kutoka kwenye igizo na ana picha kutoka kwenye shairi. Kinachobaki ni kuamua nani anasimulia. Huwapendekezea mdogo wake binti, mtoto wa miaka saba hivi aliyeachwa kulinda ndoo, kwa sababu msimulizi anayeona bila kuelewa humpa msomaji kazi ya kufanya. Msichana mmoja aliichukua njia hiyo akaandika kwamba mtoto yule ndiye aliyeisogeza ndoo mwenyewe, ili akae karibu na rafiki yake kwenye mchezo wa mawe, na kwamba alikaa kimya wakati dada yake na mama wa watu wakirushiana maneno. Hakueleza kama mtoto alikuja kusema au hakusema. Niliposoma nilikaa nayo kwa muda mrefu ofisini. Lile pengo lililoonekana siku ya taarifa ya habari, la kutojua nani aliisogeza ndoo, lilikuwa limekaa kichwani mwake majuma yote hayo mpaka likapata mwenyewe.

Kwa madarasa ya juu nina zoezi lingine, na hili hutoka mkoa jirani wa Lindi. Katika kilima cha Tendaguru, kati ya mwaka 1909 na 1913, msafara wa Wajerumani wa makumbusho ya Berlin ulichimba mifupa ya dinosaria. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake zilibebwa na wapagazi, kwa vichwa na mabega, hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa melini. Mmoja wa wanyama hao, mwenye kimo kinachozidi mita 13, amesimamishwa Berlin tangu mwaka 1937 na yupo hadi leo. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907, na njaa iliyofuata ilikuwa bado mbichi katika kumbukumbu za watu wa kusini. Jina la msimamizi wa kazi upande wa wenyeji, Boheti bin Amrani, limehifadhiwa; majina ya mamia ya wachimbaji na wapagazi wengine kijana wa leo hayakuti katika somo lolote la historia.

Hapo ninagawa ukurasa kwa mstari: upande mmoja yale tunayoyajua, upande wa pili yale tutakayoyabuni. Sharti ni kwamba hakuna cha upande wa pili kinachoruhusiwa kupingana na cha upande wa kwanza. Mwanzoni nilikuwa nikitaka shajara ya mpagazi, mpaka kijana wa kidato cha tatu alipouliza ni mpagazi gani aliyekuwa na karatasi, wino na nafasi ya kuandika kila jioni baada ya kushusha mzigo. Swali lake lilikuwa la mtunzi hasa. Tukajadiliana kama watu wa pwani waliojua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu wangeweza kuwamo, tukakubaliana kwamba wangeweza kuwa wachache, na hivyo darasa likajigawa lenyewe. Baadhi wakaandika barua fupi ya mtu wa Lindi anayejua herufi hizo. Wengine wakatunga wimbo wa safari, wa kupokezana, unaokwenda na mwendo wa miguu. Wengi wakachagua masimulizi ya babu kwa mjukuu, miaka mingi baadaye, yenye marudio, yenye kusahau, na yenye swali ambalo babu hawezi kulijibu, la mnyama gani mwenye mfupa mkubwa kiasi kile. Kutokana na swali la kijana yule nilielewa kwamba kuchagua utanzu ni kuamua nani ana uwezo wa kusema, na katika mazingira gani. Sasa nawaachia wanafunzi wachague wenyewe na wautetee uchaguzi wao kwa maandishi kabla hawajaanza kutunga.

Kuhusu usahihishaji nitasema machache. Rasimu ya kwanza siigusi kwa kalamu nyekundu. Inasomwa kwa sauti na mwenzake aliyeketi jirani, kwa sababu sentensi mbovu humkwaza msomaji mdomoni kabla mwalimu hajaiona. Katika rasimu ya pili naweka alama sehemu mbili au tatu tu, na mojawapo lazima iwe pale palipofanikiwa. Madarasa yetu ni makubwa, na mwalimu anayetaka kusahihisha kila nukta ataacha kutoa mazoezi kabisa. Ni afadhali kijana aandike mara nyingi na asahihishwe kidogo.

Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, mahudhurio hulegea kwa sababu mikono yote inahitajika shambani, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiyasimamisha mazoezi hadi mwaka mpya. Kundi la sasa limeniomba nisisimamishe. Linataka kuachana na foleni ya maji na kuchukua mnada wa korosho wa chama cha msingi cha ushirika, ambako wakulima hukusanyika kusikia bei na kuikubali au kuikataa, na ambako karibu kila familia ina mzigo wake ghalani. Wamekwisha kuorodhesha tanzu wenyewe: kumbukumbu za mkutano, hotuba ya mwenyekiti, mazungumzo ya mume na mke njiani wakirudi, na hadithi ya mtu aliyekwisha kuuza mapema kwa mnunuzi wa kangomba, yaani wa kichochoroni nje ya mnada, na anayeisikia bei ya mnada akiwa amesimama nyuma ya umati. Nimekubali, kwa sharti kwamba waanze na taarifa ya habari.